Mizabibu ya Fundi Betri

Kabla hajawa mkulima wa zabibu, Bartolomayo Chilewa alikuwa fundi betri. Wenyeji wengi wa Mkonze walikwisha kulisahau jambo hilo, na wale waliohamia miaka ya karibuni hawakuwahi kulijua. Walichojua wao ni kwamba nyuma ya kanisa kuna uzio wa minyaa, na ndani ya uzio huo mna mashina mia tatu ya mizabibu yaliyolazwa kwenye waya, na mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya pama ambaye huongea peke yake akiwa anapogoa.

Ufundi aliupata mjini akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, kwenye duka la spea la marehemu Vithaldas. Alianza kwa kufagia, akaishia kufundishwa kazi. Vithaldas alimwonyesha namna ya kufungua betri iliyokufa, kutoa sahani zilizooza, kuyeyusha risasi, ile metali ya sahani hizo, na kuimimina upya. Baada ya miaka michache Bartolomayo akarudi kwao Mkonze, akafungua kazi yake mwenyewe nyuma ya nyumba. Betri za matrekta zilimjia, za malori, hata za redio za misheni. Alipasua makasha kwa shoka, akayeyusha risasi kwenye karai juu ya mkaa, moshi ukimpiga usoni. Tindikali iliyobaki aliimwaga kwenye shimo alilolichimba kando ya ghala. Majivu na makapi ya risasi nayo yakaenda humo humo. Hakuna aliyemwambia afanye vingine.

Mwaka wa kumi na mbili tumbo likaanza kumsokota, na vidole vikawa vinatetemeka hata kushika kijiko ni shida. Daktari aliyemtazama hakuzunguka: aliyataka maisha yake au aliitaka kazi ile, achague. Akachagua maisha. Akalifukia shimo, akasawazisha uwanja, akauza karai. Baadaye akapanda mizabibu, kwa kuwa kila mtu Dodoma alikuwa akipanda mizabibu. Kulikuwa na mistari kumi na miwili, na mstari wa tatu ulipita juu ya lile shimo. Mashina ya hapo yalidumaa mwanzoni. Yeye akasema moyoni kuwa ni mawe, akazidisha maji, na mwishowe yakainuka yakazaa kama mengine. Basi naye akasahau.

Zabibu zake zilikuwa na mnunuzi wa kudumu, Nurjehan, mama wa makamo ambaye familia yake ina duka la nguo na vitambaa mjini. Huyu mama alianza kwa kupika jemu ya zabibu jikoni kwake, akaigawa kwa majirani, majirani wakataka kununua, hadi akawa na chumba maalumu, masufuria makubwa na wasichana wanne wa kumsaidia. Kwa miaka tisa alichukua zabibu kwa Bartolomayo, na kwa muda huo hawakuwahi kugombana hata juu ya mzani. Yeye alimwita Bartolomayo Baba Loisi, kwa jina la binti yake mkubwa, na Bartolomayo alimwita Mama Shahil.

Ilikuwa mwezi wa Septemba, mavuno ya kiangazi yakiwa yamekaribia kwisha, Nurjehan alipokuja bila kupiga simu. Zipora, mke wa Bartolomayo, alimtolea kiti kivulini akaenda kuchemsha chai. Mgeni hakuigusa ile chai. Alitoa bahasha kwenye mkoba, akaiweka mapajani, akaeleza taratibu. Duka moja kubwa la Dar es Salaam lilitaka kuiuza jemu yake, lakini lilidai cheti cha maabara. Akapeleka chupa za jemu, pamoja na zabibu za wakulima wake watatu, kila mmoja kwa mfuko wake. Wawili walikuwa salama. Zabibu za Bartolomayo zilikutwa na risasi kupita kiwango kinachoruhusiwa, karibu mara mbili.

"Sikuja kukulaumu," alisema. "Nimekuja mwenyewe kwa sababu neno hili halisemwi kwenye simu. Nataka tu kujua imetoka wapi."

Bartolomayo alijua imetoka wapi. Alijua kabla mama huyu hajamaliza sentensi. Lakini ulimi wake ulitangulia, ukasema huenda ni vumbi la barabara, maana malori ya kokoto yamezidi siku hizi, yanapita hapo nje asubuhi hadi jioni. Nurjehan akatazama kule barabarani, akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayetaka kuamini. Akasema hataweza kuchukua zabibu zake kwanza, mpaka chanzo kijulikane, na kwamba anamfahamu dada mmoja wa chuo, mtafiti wa udongo, angemwomba aje. Kisha akainuka akaaga.

Siku mbili zilizofuata Bartolomayo hakula vizuri. Lililomkaa kooni lilikuwa jingine, wala si jemu. Loisi alikuwa anafanya kazi Singida, na mwanawe Anna, msichana wa miaka sita, alikuwa akilelewa na babu na bibi. Kila akitoka shule Anna hutupa mkoba mlangoni akakimbilia shambani, na alipapenda mno pale kwenye mstari wa tatu, kwa sababu palikuwa karibu na ghala na kulikuwa na kivuli. Alichuma akala bila kuosha. Alichezea udongo, akafinyanga vikombe na sahani za wanasesere wake. Siku ya tatu asubuhi Bartolomayo alimkuta amechuchumaa hapo tena, mikono imejaa udongo, akimnyonyesha mwanasesere. Akamnyanyua kwa ghafla hadi mtoto akaogopa akalia. Akambeba hadi kwenye maji, akamnawisha mikono mara tatu, halafu akamwita mkewe.

Zipora alikuwa anapepeta uwele. Alisikiliza yote akiwa na ungo mikononi, hakuuweka chini. Mumewe alimwambia habari ya shimo, ya tindikali na makapi, na ya uongo aliomwambia Mama Shahil.

"Nilikuona ukimwaga," Zipora alisema mwishowe. "Miaka yote ile nilikuona. Sikujua ni sumu. Wewe ulijua?"

"Nilijua inaunguza. Sikujua kwamba inakaa."

Zipora akatoa mawe mawili madogo kwenye uwele akayatupa. Alikuwa mwanamke asiyependa maneno mengi, lakini aliyosema yalishika. Alisema kwanza mtoto apelekwe hospitali, leo si kesho. Pili, huyo dada wa chuo akija aambiwe yote. "Mficha uchi hazai," akaongeza, akaenda kubadilisha kanga.

Hospitalini walisema damu ya Anna itapelekwa kupimwa Dar es Salaam, na majibu yangechukua wiki tatu. Daktari, kijana mpole, alimtazama mtoto machoni na kwenye fizi, akamuuliza maswali ya shule, akacheka naye. Alisema haoni dalili ya kumtisha, ila wasubiri kipimo, na kwa sasa wamzuie kucheza kwenye ule udongo, wamnawishe kabla ya kila mlo na wampe maziwa, maharage na mboga za majani kwa wingi. Hiyo ilikuwa nafuu ya kwanza, ndogo kama punje, lakini Bartolomayo aliishika njia nzima ya kurudi.

Hilda, yule mtafiti wa udongo, alikuja Jumamosi. Alikuwa binti wa miaka kama thelathini, amevaa buti za mpira, mgongoni ana begi lenye mifuko midogo na fimbo ya chuma yenye tundu katikati, ya kuchotea udongo. Alimwamkia shikamoo, akakaa kwenye benchi, akafungua daftari na kuanza kuuliza. Shamba lilifunguliwa lini? Maji ni ya wapi? Dawa gani zinapulizwa? Kabla ya zabibu palikuwa na nini?

Bartolomayo alivua kofia. Alikuwa amejiandaa na maneno tangu alfajiri, lakini yote yakamtoka. Akasema tu, "Palikuwa na mimi." Halafu akaokota kijiti, akachora pale chini uwanja ulivyokuwa: hapa palikuwa jiko la kuyeyushia, hapa nilipasulia makasha, hapa ndipo shimo, upana wake hatua tatu, kina chake kifua changu. Alichora bila kuinua macho. Alipomaliza alingoja kugombezwa.

Hilda alikuwa anaandika haraka, na uso wake ulikuwa umechangamka. "Mzee, umenisaidia sana," alisema. "Watu wengi wanatuficha. Tunabaki kupimapima kama vipofu, hela ya maabara inakwisha hatujapata kitu. Wewe umenipa ramani."

Bartolomayo alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. Alikuwa amekaa na aibu ile siku nyingi akidhani akiitoa itamwangusha, kumbe mbele ya binti huyu ilikuwa habari tu, tena habari yenye manufaa. Wakazunguka pamoja shamba zima, Hilda akichoma fimbo yake ardhini, Bartolomayo akishika mifuko na kuandika namba juu yake kwa mwandiko wake mkubwa wa shule ya msingi. Jioni, Bartolomayo mwenyewe alimpigia simu Nurjehan akamwambia ukweli kuhusu malori ya kokoto. Nurjehan akasema amefurahi kuusikia kutoka kwake mwenyewe, maana moyoni alikwisha kuwaza kuwa vumbi haliwezi kuchagua shamba moja.

Majibu ya damu ya Anna yalitangulia yale ya udongo. Risasi ilikuwemo, kiasi kilichozidi kidogo kile ambacho madaktari wanapenda kukiona, lakini hakikufikia cha kumpa dawa. Yule daktari alieleza mara mbili ili wazee waelewe: mkimwondoa kwenye chanzo, mwili utaitoa wenyewe polepole. Warudi baada ya miezi miwili. Zipora akapiga goti pale pale kwenye korido ya hospitali, akashukuru kwa Kigogo, watu wakipita pembeni yake.

Majibu ya udongo yalikuwa na mambo mawili, baya na jema. Pale shimoni, risasi ilikuwa nyingi kupindukia, na tindikali ya zamani ilikuwa imeufanya udongo kuwa mkali, hali ambayo huifanya risasi iyeyuke na kupanda na maji. Hapo Hilda hakuficha: hapafai kupandwa chochote cha kuliwa, na hakuna mbolea itakayopaponya. Mstari wa tatu ung'olewe. Watu wa mazingira waje wachimbe udongo ule kwa utaratibu, umwagiliwe kwanza usipeperuke, uwekwe kwenye mapipa na kupelekwa kunakostahili, kisha pasakafiwe. Lakini mistari iliyobaki ilikuwa na kiasi cha wastani, sumu iliyosambaa kwa maji ya mvua na kwa jembe. Huko kulikuwa na la kufanya.

"Samadi," alisema Hilda.

Bartolomayo alidhani anataniwa. Sumu iliyomshinda yeye, tiba yake iwe kinyesi cha ng'ombe?

Hilda akamweleza akiwa ameshika bonge la udongo kiganjani. Samadi iliyoiva hugeuka mboji, na mboji ina tabia ya kuishika risasi ikakaa nayo. Mzizi hunywa maji, na kilichoyeyuka kwenye maji ndicho unachokinywa. Risasi iliyoshikwa haiyeyuki, kwa hiyo mzizi hunywa ukaiacha. Tena samadi hupunguza ule ukali wa udongo, na hilo nalo huisaidia kazi. Akasema waziwazi kwamba haiondoi risasi, huifunga tu, na mboji huisha mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ni kazi ya kurudiwa. Isiwe samadi mbichi. Isiwe ya kuku wa kufugwa kwa vyakula vya viwandani bila kupimwa, kwa kuwa nayo huweza kuja na metali zake. Na juu ya samadi yatandazwe mabua, ili vumbi lisirukie vichala, maana sehemu ya risasi ile haikupitia mzizini, ilikaa juu ya ganda la tunda.

Zabibu zote zilizobaki msimu ule walizifukia. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Bartolomayo alikata vichala vilivyokuwa vimeiva vizuri, vyeusi, vimejaa sukari, akavitupa kwenye handaki huku nyuki wakimfuata. Mashina ishirini na tano ya mstari wa tatu aliyang'oa mwenyewe, hakutaka kibarua. Watu wa mazingira walikuja baadaye wakafanya kazi yao kwa siku nne, na walipoondoka palibaki sakafu ya zege nyeupe inayong'aa juani.

Suala la samadi lilimpeleka Chamwino kwa shemeji yake Sila, kaka wa Zipora, mfugaji tangu kuzaliwa. Sila alikuwa na zizi la zamani ambamo ng'ombe walikuwa wamelala zaidi ya miaka ishirini kabla hajalihamisha. Samadi ya juu ilikuwa kavu na nyepesi, lakini ukichimba hadi magotini unaikuta nyeusi, laini, haina harufu ila ya udongo uliolowa mvua. Bartolomayo alimweleza shemeji yake kisa chote, hakukiruka hata kidogo. Mara hii maneno yalitoka kwa urahisi.

Sila alisikiliza akitafuna bua la mtama. Alisema achukue yote akitaka, inamzibia njia. Lakini aliposikia kuwa Hilda angekuja kwanza kuipima, aliudhika.

"Ng'ombe wangu nao wanashukiwa?" aliuliza. "Wamewahi kumeza betri?"

Hilda alikuja akaipima, majibu yakaja safi, na tangu siku ile Sila akawa anawaambia watu sokoni kuwa samadi yake ina cheti. Tatizo likabaki usafiri, kwani kutoka Chamwino hadi Mkonze si mwendo wa mkokoteni. Nurjehan alipopata habari, alituma Canter ya duka lao pamoja na dereva. Ilikwenda na kurudi mara sita. Safari ya mwisho alikuja mwenyewe ameketi mbele, amejifunga mtandio puani, akashuka na kulitazama lile lundo kubwa jeusi kama anayetazama gunia la sukari.

Kazi ilifanyika mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijaanza. Bartolomayo na Zipora, na vibarua wawili, waliilundika samadi kwanza, wakainyunyizia maji, wakaigeuza kila baada ya siku chache hadi joto lake lilipoisha kabisa. Kisha wakaweka ndoo mbili kwa kila shina, si kwenye shina lenyewe bali kulizunguka, umbali wa hatua moja, wakaichanganya na udongo wa juu kwa jembe bila kulizamisha ili wasikate mizizi. Wakatandaza mabua ya mtama juu yake. Mgongo wa Bartolomayo ulimuuma kama zamani alipokuwa akibeba betri za matrekta, lakini alikuwa akilala usingizi mzito, na vidole vyake, hata Zipora aliona, vilitulia.

Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe mbili Desemba. Siku hiyo hiyo walikuwa wametoka hospitali na Anna kwa kipimo cha mara ya pili, na majibu yakaja kabla ya Krismasi: imeshuka, na bado inashuka. Loisi alikuwa amekuja likizo. Alikuwa amemkasirikia baba yake tangu aliposikia habari hizi, hakumsemesha ila kwa salamu. Alipoisoma karatasi ile, alimpa baba yake aisome pia, halafu akakaa karibu naye kwenye benchi. Ilitosha.

Mavuno ya Machi yalipimwa. Hilda alituma majibu kwa ujumbe, kisha akapiga simu kuyaeleza. Risasi ilikuwa imepungua sana, lakini mistari miwili, ule wa pili na wa nne, iliyopakana na zege, ilikuwa bado imezidi kiwango. Iliyobaki ilikuwa ukingoni mwa kiwango hicho. Alisema wasikate tamaa, mboji haijashika vizuri, waipe msimu mwingine. Bartolomayo alishukuru kwa adabu, akaweka simu mfukoni, akaenda kukaa nyuma ya ghala. Alikuwa amejiruhusu kutumaini kuliko alivyodhani. Zabibu zile nazo wakazifukia.

Zipora ndiye aliyemwinua. Hakumpa maneno ya faraja. Alimwambia Sila ana samadi nyingine, na kwamba yeye amekwisha kuzungumza naye. Wakarudia yote. Safari hii waliongeza ndoo moja zaidi kwenye ile mistari miwili, na chokaa kidogo ya shamba kama alivyoelekeza Hilda. Kwa miezi ile waliishi kwa kuku wa Zipora na kwa vibarua alivyofanya Bartolomayo vya kuwapogolea watu mizabibu yao, kazi aliyoijua vizuri. Waliomwita walimuuliza kwa nini zabibu zake haziuzwi, naye akawaambia. Wengine walishangaa, wengine wakamwomba awaitie Hilda naye apime kwao. Mmoja, Lameck wa Msalato, aliyenunua kiwanja kilichowahi kuwa gereji na kupanda mapapai, alinyamaza wakati wa mazungumzo yote, kisha jioni akaja kuomba namba ya simu ya Hilda.

Mwezi wa Agosti vichala vikaiva. Hilda alikuja akachuma kutoka kila mstari, akagawa mafungu mawili, la kuoshwa na la kutooshwa, akaondoka. Aliahidi majibu baada ya siku kumi. Siku ya kumi ikapita, na ya kumi na moja. Bartolomayo alikuwa akiibeba simu hadi msalani.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, ile Canter ilisimama nje ya uzio. Nurjehan alishuka, na Hilda akashuka nyuma yake, na nyuma kulikuwa na makreti matupu yamepangwa hadi juu. Bartolomayo aliyaona makreti kwanza. Mtu haji na makreti kuleta habari mbaya. Lakini hakuthubutu kuamini, akasimama tu pale katikati ya shamba na mkasi wa kupogolea mkononi.

Hilda alimwamkia, akamfungulia karatasi. Mistari yote kumi na mmoja ilikuwa chini ya kiwango. Ule wa pili na wa nne nao. Zilizooshwa na zisizooshwa. Akamwonyesha namba moja moja kwa kidole, kwa kuwa aliona mzee haoni vizuri, macho yamejaa maji.

"Soma tena," Bartolomayo alimwomba.

Akazisoma tena, zote, kuanzia juu.

Zipora alitoka jikoni akijifuta mikono. Hakuuliza, aliwatazama nyuso, akapiga kigelegele kimoja kirefu ambacho kiliwatoa majirani nje. Nurjehan alimkumbatia, mtandio na kanga vikachanganyika. Alisema jemu ya zabibu za wale wakulima wawili wengine ilikuwa haijakolea rangi mwaka mzima, wateja wamemsumbua, sasa atapumua. Akamgeukia Bartolomayo akamwambia kuwa atapima kila msimu, wala asione vibaya. Bartolomayo alijibu kuwa asipopima yeye, atapeleka mwenyewe.

Walivuna hadi adhuhuri. Majirani walisaidia. Anna alirudi shule akakuta watu wamejaa shambani, akasimama nje ya mstari kama alivyozoeshwa, mikono nyuma. Babu yake aliosha kichala, akamkatia tawi dogo lenye zabibu kumi au kumi na mbili, akamkabidhi. Mtoto alimtazama bibi yake kwanza, Zipora akamwitikia kwa kichwa, ndipo akala moja, akaifikiria, akala nyingine.

Sila alifika makreti yakiwa tayari yamepakiwa. Alikuja kwa pikipiki kutoka Chamwino baada ya kupigiwa simu, na alidai fungu lake kwa sauti, akisema ng'ombe wake ndio waliolima shamba hili. Wakampa ndoo nzima. Kuku wawili walikuwa wamechinjwa, na wali ulikuwa jikoni. Hilda na Nurjehan waliombwa wasiondoke bila kula.

Chakula kilipokuwa tayari Zipora alimtafuta mumewe aje akaribishe wageni. Alimkuta kwenye kiti kivulini, kofia imeanguka chini, buti zenye matope bado miguuni, amelala fofofo, kinywa wazi. Sila alitaka kumwamsha. Zipora akamshika mkono.

"Mwache," alisema. "Tuanze sisi." Akaokota ile kofia, akamfunika nayo uso ili nzi wasimsumbue, akaenda kupakua wali.